Uzi wa Kushonea Vidonda Wafungua Njia ya Chanjo Mpya

Mama aliyejifungua kwa upasuaji huenda anakumbuka alivyoambiwa na muuguzi: nyuzi za ndani hazitolewi, zitayeyuka zenyewe. Nyingi ya nyuzi hizo, ambazo zimetumika hospitalini tangu miaka ya 1970, ni za polima, yaani aina ya plastiki ambayo maji ya mwilini huivunja polepole. Kinachobaki ni asidi ambazo mwili huzitumia au kuziondoa. Mojawapo ni asidi ya laktiki, ileile iliyomo kwenye maziwa lala.

Polima za jinsi hiyo ndizo wanasayansi wanazochunguza ili zibebe chanjo za DNA. Huzigeuza kuwa vifuko vyenye upana wa mikromita 1 hadi 10, ilhali unywele mmoja wa binadamu una takriban mikromita 70.

Chanjo ya DNA haibebi kiini cha ugonjwa, kiwe hai au kilichokufa. Hubeba maelezo tu. Chembe za mwili huyasoma, zikatengeneza kipande kidogo kinachofanana na sehemu ya kirusi au bakteria, na kinga ya mwili ikajifunza kukitambua. Jina DNA huwatia watu wengi wasiwasi, na si ajabu. Lakini maelezo hayo hayakusudiwi kujipachika kwenye DNA ya anayechanjwa. Hutumika kwa muda, kisha huvunjwavunjwa. Mnamo Agosti 2021, India ilikuwa nchi ya kwanza kuruhusu chanjo ya DNA kwa binadamu, dhidi ya Covid-19, kwa matumizi ya dharura.

Tatizo ni kwamba DNA ikidungwa bila kifuniko, vimeng'enya vya mwili huishambulia na nyingi hupotea kabla ya kufika inakotakiwa. Hapo ndipo kifuko kinaposaidia. Ukubwa wake unakaribia ule wa bakteria, hivyo chembe za ulinzi mwilini hukimeza zikidhani ni adui. Kwa kufanya hivyo huwa zimejipelekea chanjo zenyewe. Mwaka 1997, watafiti nchini Uingereza walionyesha kwamba panya waliomezeshwa DNA iliyofungwa hivyo walitengeneza kingamwili, bila sindano yoyote.

Kutoka kwa panya hadi kwa mtoto kuna safari ndefu. Kutengeneza vifuko kunahitaji kukoroga kwa nguvu, na nyuzi za DNA hukatika. Tena polima inapoyeyuka, asidi hujikusanya ndani na kuiharibu DNA iliyobaki. Mwaka 2000 kundi la watafiti lilionyesha njia nyingine: kuigandisha DNA juu ya chembe za polima badala ya kuifungia ndani.

Kinachowavutia wataalamu wa afya zaidi ni muda. Polima inaweza kupangwa iyeyuke baada ya siku kadhaa, wiki au miezi. Tayari mwaka 1989 Marekani iliidhinisha dawa ya saratani ya tezi dume iliyotengenezwa hivyo, ambayo sindano yake moja hufanya kazi mwezi mzima. Chanjo ikiweza kufuata mkondo huo, sindano moja ingetoa dozi ya kwanza leo na nyingine baadaye, mtoto akiwa nyumbani.

Kwa mzazi anayeishi mbali na zahanati, hilo si jambo dogo. Chanjo ya kukinga dondakoo, pepopunda na kifaduro hutolewa mara tatu nchini Kenya, mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kila safari ina nauli ya boda boda, siku ya kazi iliyopotea, au mto uliofurika. Mtoto aliyepata dozi ya kwanza pekee huonekana amechanjwa, ilhali kinga yake haijakamilika.

Chanjo za vifuko vya DNA hazimo katika ratiba ya kitaifa na hazipatikani katika kituo chochote cha kaunti. Wazazi wanaombwa waendelee kufuata tarehe zilizoandikwa kwenye kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Aliyekosa tarehe hana haja ya kuogopa kukemewa wala kuanza upya: mtoto huendelea kutoka dozi aliyofikia. Chanjo hizo hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma, na mhamasishaji wa afya ya jamii kijijini anaweza kusaidia kusoma kijitabu na kujua ni dozi ipi iliyobaki.