Gemu Kabla Halijakamilika: Utangulizi

Elimu ninayokukaribisha ni changa, na wengi wanaoishughulikia hawajui kama wanaishughulikia. Inahusu yale wachezaji wanayoyasema juu ya gemu la mtandaoni likiwa bado kwenye majaribio: sheria zake hazijatulia, seva zake zinaanguka na kuinuliwa, na waliolitengeneza wenyewe hawana hakika limekuwa kitu gani. Katika majuma hayo watu hushangilia, hulalamika, hubishana usiku kucha. Toleo kamili likitoka, maneno yao husahaulika. Naona hasara kubwa hapo, kwa sababu ni nadra kumpata binadamu akizungumza waziwazi hivyo kuhusu sheria mpya anazokutana nazo akiwa pamoja na wenzake. Nimeandika hasa kwa msomaji wa Tabora, Nzega, Urambo na Kigoma. Naamini ana kitu ambacho elimu hii inakikosa, na nitaeleza ni kitu gani.

Tuanze na Agosti 1997. Kampuni ya Origin Systems ya Austin, Texas, ilikuwa ikijaribu Ultima Online, dunia ya mtandaoni ambamo maelfu ya watu wangeishi, wangefanya biashara na kupigana kwa pamoja. Mbunifu wake, Richard Garriott, aliingia akiwa mfalme wa dunia hiyo, Lord British, ili akutane na raia wake. Mfalme huyo hakutakiwa kufa. Lakini seva ilikuwa imeanguka na kuwashwa upya, kinga yake haikurudishwa, na mchezaji mmoja akamrushia uchawi wa moto. Mfalme akafa mbele ya umati. Baadaye mchezaji yule alifungiwa akaunti, na wenzake wakapiga kelele. Mabishano yao yananivutia kuliko kifo chenyewe. Kama mtu ameitwa ajaribu, na kujaribu ni kutafuta tundu, basi yule alikosa nini? Swali hilo halikuwa la ufundi. Lilihusu haki, na liliulizwa na watu ambao kampuni ilikuwa imewaalika kama vipimo vya mitambo.

Gemu hilohilo lina kisa kingine ambacho mimi humsimulia kila mwanafunzi wangu. Watengenezaji walikuwa wamebuni mfumo wa viumbe unaojiendesha: majani yanaliwa na wanyama wadogo, wadogo wanaliwa na wakubwa, na mawindo yakipungua mnyama mkali anasogea kuelekea makazi ya watu. Ulikuwa mpango mzuri sana kwenye karatasi. Wachezaji wa majaribio walipoingia walichinja kila kilichotembea, haraka kuliko mfumo ulivyoweza kuzaa, na mpango wote ukaondolewa. Hakuna mchezaji aliyekuwa na nia mbaya. Walifanya tu kile ambacho gemu liliwaruhusu, wote kwa wakati mmoja.

Kisa cha tatu ni cha World of Warcraft, iliyotoka Novemba 2004. Katika majaribio yake, kampuni ya Blizzard ilitaka kuwazuia watu wasicheze mfululizo bila kupumzika, kwa hiyo mtu akizidisha muda alianza kupata nusu tu ya alama za uzoefu. Wajaribu walikasirika. Rob Pardo, mmoja wa wabunifu wakuu, ameeleza walichofanya watengenezaji: waliita ile hali ya mwanzo ziada ya aliyepumzika, asilimia 200, na ile ya baadaye wakaiita kawaida, asilimia 100. Mahesabu yalibaki yaleyale. Malalamiko yakaisha.

Mtu anaweza kusoma kisa hiki akasema wachezaji hudanganyika kirahisi. Mimi nasoma vingine. Wachezaji hawakuwa wakilalamikia hesabu. Walilalamikia kuadhibiwa kwa kupenda gemu. Adhabu ilipoondoka, malalamiko hayakuwa na sababu ya kubaki. Hii ndiyo shida ya msingi katika elimu yetu: maneno ya mchezaji karibu kila mara yana ukweli ndani yake, lakini ukweli huo mara nyingi hauko pale anapouonyesha. Watafiti wa maabara wana mbinu zao za kuutafuta. Mwaka 2002 Michael Medlock na wenzake wa Microsoft walieleza jinsi walivyorekebisha sehemu ya mafunzo ya Age of Empires II: walimtazama mchezaji mmoja, wakabadilisha palipomkwamisha ikiwa sababu ilikuwa wazi, kisha wakamleta mwingine. Ni mbinu nzuri, ila inamtaka mchezaji awe chumbani mwao.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mlango mzuri wa kuingilia humu ni bao. Stewart Culin aliandika juu ya michezo ya jamii hii mwaka 1894, H. J. R. Murray akairudia katika kitabu chake cha mwaka 1952, na Alexander de Voogt akaandika tasnifu yake ya Leiden mwaka 1995 kuhusu mafundi wa bao la Kiswahili. Bao hilo lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi na 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa katika shimo liitwalo nyumba. Hatua ya kwanza, ya kunamua, inakwisha kete za mkononi zikimalizika, ndipo hatua ya pili, mtaji, inaanza. Sheria hizo ni nyingi na ngumu kiasi kwamba anayeanza hupewa kwanza bao la kujifunza. Ukitoka pwani kuingia bara unakuta ndugu zake: isolo kwa Wasukuma, igisoro Rwanda, ikibuguzo Burundi, omweso Uganda. Hakuna kampuni iliyotoa toleo la mwisho la mchezo wowote kati ya hiyo. Wageni wawili wakikutana kwenye ubao, kabla ya kete ya kwanza wanaulizana: kwenu nyumba inachezwaje? Hapo hasa ndipo majaribio yanapofanyika, na wanaoyafanya ndio wenye mchezo.

Bao linafundisha jambo jingine ambalo vitabu vya ng'ambo havilipi uzito. Mchezo una wachezaji wawili, lakini ubao una watu kumi. Wanaosimama nyuma wanasema, wanaguna, wanakataza, wanamcheka aliyelaza kete mahali pabaya. Hukumu ya mchezo hutoka kwao pia, na mara nyingi wao ndio huona mapema.

Sasa njoo mjini Tabora jioni. Gemu jipya la simu limefunguliwa kwa majaribio. Faili lake ni zito, na bando ni la kununua, kwa hiyo anayelipakua ni mmoja, mwenye simu yenye nafasi. Wengine wanamzunguka. Simu inazunguka mkono hadi mkono; aliyekufa anampa anayefuata. Nimeliona hili mara nyingi, na kila mara nafikiria jinsi linavyoonekana upande wa seva: akaunti moja, mchezaji mmoja, anayelenga kama bingwa kwa dakika tano na kama mtoto kwa dakika tano zinazofuata. Mtakwimu atamwita mchezaji asiyetabirika na pengine atamwondoa kwenye hesabu. Kumbe ni vijana wanne, na watazamaji watano wenye maoni makali ambayo hakuna dodoso litakalowauliza. Richard Bartle, aliyeanzisha gemu la MUD pamoja na Roy Trubshaw katika Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978, aliandika mwaka 1996 makala ambayo kila mtu katika elimu hii huanza nayo, akiwagawa wachezaji katika aina nne: watafuta mafanikio, wapelelezi, wapenda maongezi na wauaji. Ni mgawanyo wenye manufaa bado. Lakini anayesimama nyuma ya simu na kupiga kelele "kulia, kulia!" hana chumba katika nyumba hiyo.

Kuna pia umbali, na hapa nitakaa kidogo. Chukua kijana anayecheza gemu la risasi. Anamwona adui, anakimbilia nyuma ya ukuta, anafika, kisha anakufa. Anaandika: nimepigwa nikiwa nyuma ya ukuta, gemu bovu. Mhandisi wa Ulaya anafungua rekodi za seva na kukuta kwamba risasi ilimpata akiwa wazi kabisa. Wote wawili wanasema kweli. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kati ya Tabora na Dar es Salaam, kilomita kama 840 kwa reli, hiyo ni milisekunde chache tu. Lakini seva ikiwa mwisho wa kilomita 10,000 za waya, ishara hutumia milisekunde 50 kwenda na 50 kurudi, kabla hujahesabu mnara wa simu na foleni za mitambo njiani. Ikifika milisekunde 200, ambayo kwa mchezaji wa bara si ajabu, skrini ya picha 60 kwa sekunde imeshapitisha picha 12. Ndani ya picha 12 mtu amevuka mlango.

Ili kumtendea haki mpiga risasi, magemu mengi huirudisha saa nyuma. Seva inapopokea amri ya kufyatua, hujiuliza mpigaji alikuwa anaona nini alipobonyeza, na kuhukumu kwa picha hiyo ya zamani. Yahn Bernier wa Valve alieleza mbinu hii kwa kina mwaka 2001, na aliandika wazi kwamba itazaa malalamiko ya aina hii. Kwa hiyo kijana wetu alikuwa kweli nyuma ya ukuta kwenye simu yake, na kweli alikuwa wazi mbele ya hakimu. Kama uchunguzi wa ubovu, maneno yake yamekosea. Kama kipimo cha mahali alipo, ni sahihi kabisa. Mtafiti anayeyatupa kwa kuwa ni hasira tu ametupa kipimo.

Na mahali penyewe hubadilika. Microsoft ilifungua vituo vyake vya data Afrika Kusini Machi 2019, na Amazon ikafungua vya Cape Town Aprili 2020. Gemu ambalo mwenyewe anaamua kuliweka huko humsogelea mchezaji wa Tabora. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikadorora. Maoni yaliyoandikwa siku hizo kuhusu gemu lolote yanatuambia zaidi juu ya bahari kuliko juu ya gemu. Asiyejua tarehe hiyo atayasoma vibaya.

Mji wa Tabora una uzoefu wa zamani na ushahidi wa namna hii. Wasafiri Burton na Speke walifika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, baada ya kuondoka pwani Juni. Msafiri mwingine, Stanley, aliondoka Bagamoyo Machi 1871 na kufika Unyanyembe, eneo la Tabora, Juni, akakuta vita kati ya mtemi Mirambo na Waarabu vimeifunga njia ya Ujiji, ikambidi azunguke kusini. Kila kiongozi wa msafara aliyepumzika Unyanyembe alihitaji habari za mbele: maji yamekauka wapi, hongo imepanda kwa mtemi gani, wapi panapigwa. Habari hizo zililetwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na kila mpagazi alisema kweli ya siku aliyopita, ya njia aliyopita na ya mzigo aliobeba. Aliyepita na jora za nguo na aliyepita na pembe za ndovu hawakutozwa sawa, hawakuchoka sawa. Carl Velten alipochapisha Safari za Wasuaheli mwaka 1901, alituachia masimulizi ya watu wa pwani waliopita bara, na Stephen Rockel katika kitabu chake cha 2006 aliwarudisha wapagazi katikati ya historia ya njia hii. Kazi yao inatufaa sana, kwa sababu wanahistoria wa misafara wameshajifunza kumuuliza shahidi maswali matatu ambayo watafiti wa magemu bado wanayasahau: siku gani, njia gani, mzigo gani.

Kwetu siku ni nambari ya toleo na saa ya kucheza, maana saa mbili usiku mtandao umejaa na saa kumi alfajiri uko mweupe. Njia ni mtandao wa simu na seva iliyojibu. Mzigo ni simu yenyewe, kumbukumbu yake, chaji iliyobaki, na nani analipia bando. Free Fire ya Garena, iliyotoka 2017, imeenea kwetu kwa sababu inabebeka kwenye simu ndogo, na mechi yake ya watu 50 huisha kama dakika kumi. Mtu aliyezoea hiyo akipewa gemu zito la nusu saa kwa mechi, ukali wake dhidi ya gemu hilo una hesabu ndani yake, na hesabu hiyo ni ya shilingi.

Anayetaka kuanza sasa hivi asianze na dodoso. Aende kwenye banda la gemu au kibarazani siku majaribio yanapofunguliwa, akae na daftari, aandike wanachosema watazamaji kabla ya kumuuliza mchezaji swali lolote. Aandike saa. Toleo jipya likitoka arudi kwa watu walewale, na aweke alama kwenye malalamiko yaliyonyamaza. Mengine yamenyamaza kwa kuwa yamerekebishwa. Mengine yamenyamaza kwa kuwa mkono wa mchezaji umezoea, na haya hayaonekani tena kwa kuuliza. Ukichelewa kufika kwa wiki moja utawakuta wameshajifunza kufyatua mbele ya adui anayekimbia badala ya kumlenga mwenyewe, na ukiwauliza kuhusu pingi, yaani muda wa ishara kwenda na kurudi, watakujibu kwamba iko sawa.