Bungua wa Kahawa na Roho ya Mtu

Wahubiri wakitaka kutufundisha kwa mfano wa mdudu, mara nyingi humchukua kipepeo. Husema ya kuwa kiwavi hutambaa, kisha hujifungia kama maiti katika sanda, na baadaye hutoka akiwa na mabawa ya kupendeza. Nao hulinganisha hayo na ufufuo. Mfano huo ni mzuri, wala sina nia ya kuupinga, lakini tumeusikia mara nyingi hata masikio yameuzoea. Tena sisi tunaokaa chini ya Kilimanjaro tunaye mdudu mwingine, ambaye maisha yake yana mafunzo yaliyo karibu zaidi na mienendo yetu ya kila siku, hasa sisi tunaolala bwenini. Mdudu huyo ni bungua mweupe wa kahawa.

Shule yetu ni ya serikali, na wasomaji wa gazeti hili ni watu wa dini mbalimbali. Mimi ni Mkristo, na ninaandika kama Mkristo. Lakini habari za mdudu zamhusu kila mtu ambaye kwao kuna mibuni, na hayo mengine nadhani hayatamdhuru mtu yeyote.

Kahawa si mmea wa asili wa mlima huu. Ilipandwa na wamisionari Wakatoliki huko Kilema mwishoni mwa karne ya 19, kisha Wachaga wakaipokea katika vihamba vyao, kivulini mwa migomba. Kufika mwaka 1925 wakulima walikuwa wameunda chama chao wenyewe cha wapanda kahawa. Babu zetu wengi walilipiwa ada kwa debe la kahawa. Hapa Rau tuko chini, penye mto, msitu na mashamba ya mpunga, lakini ukipanda kidogo kuelekea Uru au Old Moshi unaanza kuiona mibuni. Naye bungua hupenda zaidi mibuni ya sehemu za chini, penye joto, kuliko ile iliyo juu karibu na msitu.

Mdudu mzima ni mbawakawa mwenye urefu wa sentimita 3 hivi. Mgongo wake ni wa kijivu cheupe, na kichwani ana papasi ndefu. Za dume huupita mwili wake wote kwa urefu. Kusema kweli ni mdudu mzuri wa kutazama, na mtoto asiyemjua angependa kumchezea. Hutoka mvua zinapoanza. Jike huliendea shina la mbuni karibu kabisa na ardhi, akalitoboa gome, akaingiza yai moja chini yake, kisha akaenda kutaga mahali pengine. Gome likiwa na magamba na nyufa, kazi yake huwa nyepesi.

Baada ya majuma kama matatu yai huanguliwa. Anayetoka ni funza mweupe, hana miguu, ila ana taya zenye nguvu. (Katika somo la Biolojia twajifunza hayo kwa Kiingereza, nami imenibidi niwaulize wakulima ili nipate maneno, wao humwita funza tu, na wanatosheka.) Mwanzoni funza huyu hula sehemu laini iliyo chini ya gome, akilizunguka shina na kushuka mpaka kwenye mizizi. Akishapata nguvu huingia katika mti wenyewe na kuchimba njia zake humo, huku akisukuma nje unga wa mbao. Hukaa gizani hivyo zaidi ya mwaka mmoja. Kisha hujitengenezea chumba, hugeuka kuwa pupa, na miezi michache baadaye hutoka kwa tundu la mviringo akiwa mbawakawa kamili. Toka yai mpaka kutoka hupita mwaka mmoja na nusu, au hata karibu miwili. Siku za kuruka kwake ni chache sana zikilinganishwa na siku alizokaa ndani, na hasara yote huifanya wakati ule asioonekana.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni hili. Mti una njia mbili. Maji hupanda kutoka mizizini kupitia katika mti wa ndani. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenda mizizini kupitia sehemu laini ya gome. Funza akilizungusha gome kwa kulila, njia ya kushuka hukatika, lakini ile ya kupanda ingali wazi. Kwa hiyo maji yanaendelea kupanda, na majani yanabaki kijani kwa muda, wakati mizizi inakufa kwa njaa. Mpita njia akitazama kihamba husema, “Mwaka huu mibuni ya mzee imependeza.” Majani yakishaanza kuwa ya manjano, mara nyingi mti mchanga hauponi tena. Mti mkubwa huweza kuvumilia, ila huzaa kidogo.

Basi, mtu aweza kuwa hivyo. Maji yanapanda kila juma: anahudhuria ibada ya Jumapili, anaimba sauti ya pili katika kwaya, katika ushirika wa UKWATA au TYCS anaombwa afungue kwa sala, na anaifungua vizuri kweli. Sisemi ya kuwa anaigiza. Maji ni maji ya kweli, na majani ni ya kijani ya kweli. Ila hakuna kinachoshuka. Neno analolisikia halifiki kule chini anakoamua mambo yake akiwa peke yake, kwa sababu njia imeliwa. Bwana Yesu aliwaambia Mafarisayo maneno makali juu ya makaburi yaliyopakwa chokaa, kama tusomavyo katika Mathayo 23, na sisi tukiyasoma tunadhani Farisayo alikuwa akijijua kuwa mwovu. Mimi nafikiri wengi wao waliyatazama majani yao wenyewe wakaridhika.

Nitoe mfano wa bwenini, bila kumtaja mtu, kwa kuwa jambo hili liko katika shule nyingi. Mwanafunzi anaazima simu anampigia mama yake na kumwambia kuna mchango wa shilingi 2,000 wa mtihani wa majaribio. Mchango huo haupo. Fedha ni kidogo, na mama anazituma siku ileile. Hilo ndilo yai. Muhula unaofuata mchango unakuwa shilingi 10,000, na mama anauza kuku. Mwanafunzi huyo si mwizi machoni pa mtu yeyote. Matranka ya wenzake hayagusi, walimu wanampenda, na zamu zake za usafi anazifanya. Lakini kila mama anapomwambia kwa simu, “Mungu akubariki mwanangu, soma kwa bidii,” baraka hiyo haishuki. Amejizoeza kuisikia na kuipitisha. Nao wazazi, wanaotazama ripoti ya muhula na kuona nafasi ya tatu darasani, wanayaona majani tu.

Ni haki niseme pia mahali ambapo mfano wangu unapungua. Bungua hatendi dhambi. Anakula chakula alichopangiwa na Muumba, wala hana habari ya ada ya mtu. Tena mbuni haukumwalika, lakini sisi twaalika. Kwa hiyo asije mtu akasema, “Bungua ameniingia, nifanyeje?” kana kwamba yeye ni mti usio na mikono.

Sasa, wakulima hufanyaje? Zamani, miaka ya 1950 na 1960, shina lilipakwa dawa kali iitwayo dieldrin, ambayo baadaye ilikatazwa karibu dunia nzima kwa sababu ya sumu yake inayodumu ardhini na katika miili ya viumbe. Siku hizi njia zinazofundishwa ni za mikono zaidi, na wataalamu wa kahawa wanazishughulikia kule Lyamungu, ambako utafiti wa zao hili ulianza mwaka 1934. Kwanza ni kulisugua shina. Babu yangu hutumia gunzi la mahindi, au kitambaa kikavu cha gunia. Hulisugua gome la chini mpaka liwe laini, ili jike asipate ufa wa kutagia. Kazi hii ni ya kuchosha mgongo, maana mtu hupiga magoti mbele ya kila mti. Nilimwuliza babu kwa nini hatazami majani kwanza ili ajue mti ulio mgonjwa, naye akanijibu, “Mjukuu wangu, majani ni ya kuonyesha wageni. Mwenye shamba hutazama chini.” Anachokitafuta chini ni unga wa mbao, mwingine mdogo kama chumvi iliyomwagika.

Wazazi na walimu wetu, unga huo upo kwetu pia. Ni mwanafunzi asiyependa mzazi aonane na mwalimu siku ya kutembelewa. Ni anayesema “mambo mazuri tu” kabla hajaulizwa. Lakini nawasihi mwupige magoti kwanza mti huo kabla ya kuchukua panga.

Unga ukionekana, tundu hutafutwa na waya huingizwa. Babu ana waya wa tairi la baiskeli alioukunja ncha. Waya hauna njia nyingine ila ileile aliyopita funza. Ukiingizwa pengine unaujeruhi mti bure. Wakati mwingine hutia pamba yenye mafuta ya taa, akaziba tundu kwa udongo. Ndivyo ilivyo kuungama. Kuomba msamaha kwa jumla, kwa maneno kama “nimekosa mengi”, ni kuchoma waya popote. Yule mwanafunzi hana budi kurudi katika njia ileile, yaani simu ileile, mama yuleyule, na kiasi kilekile kwa hesabu. Daudi katika Zaburi ya 32 aeleza jinsi mifupa yake ilivyochakaa alipokuwa akinyamaza, na jinsi mzigo ulivyoondoka aliposema. Yakobo naye, katika mlango wa 5, aagiza tuungamiane sisi kwa sisi. Hilo ni gumu kuliko kumwambia Mungu usiku, shuka likiwa limefunika uso, na ndiyo sababu nafikiri liliandikwa.

Kuna miti ambayo hata waya haiisaidii. Mti mchanga uliokwisha kufa hung'olewa na kuchomwa moto, ili waliomo wasitoke. Lakini mti mkubwa ambao mizizi yake ingali na uhai haung'olewi. Hukatwa ukabaki kisiki. Mwenye kupita huona umeharibiwa. Katika Luka 13 kuna mtunza shamba aliyemwombea mtini usiozaa mwaka mmoja zaidi, ili aupalilie na kuutia samadi. Na Ayubu, katika mlango wa 14, alisema mti uliokatwa una tumaini. Hao wote nadhani walikuwa wameona visiki kwa macho yao.

Kisiki hakizai mwaka uleule. Machipukizi yakitokea, mkulima huchagua mawili au matatu yaliyo imara, mengine huyaondoa, na huendelea kuyasugua yaliyobaki kila mvua zinapokaribia, kwa kuwa mbawakawa wa shamba la jirani hawajaisha. Mavuno ya maana huchukua miaka miwili mpaka mitatu. Babu alikata minne mwaka juzi, upande wa kihamba unaoelekea mfereji. Mitatu imechipua. Wa nne bado anaumwagia maji.