Antena Mbili Hazioni Dhahabu

Kuanzia machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo, Shinyanga, hadi Lwamgasa, Geita, naulizwa swali lile lile: "Mtaalamu, ile mashine ya antena mbili inapiga mita ngapi?" Wanaouliza huwa wameshachangishana pesa za kuinunua. Muuzaji kawaambia antena moja ni ya wima, nyingine ya mlalo, kwamba hiyo ndiyo polaraizesheni mbili, teknolojia ya rada, na kwamba dhahabu iliyo mita 30 chini "inaitika". Jibu langu ni moja: haipigi hata sentimita.

Polaraizesheni mbili ni jambo la kweli, na wengi wenu mnayo juu ya bati. Wimbi la redio hutikisika wima au mlalo. King'amuzi kikipeleka volti 13 kwenye LNB, kile kipokezi cha mbele ya dishi, yanapokelewa mawimbi ya wima. Kikipeleka 18, ya mlalo. Rada za hali ya hewa za aina hiyo hutuma yote mawili: tone kubwa la mvua likianguka hubonyea, likawa pana kuliko refu, hivyo mwangwi wa mlalo huzidi nguvu, na mvua ya mawe, isiyobonyea hivyo, hujulikana. Setilaiti ya Ulaya ya Sentinel-1, iliyoanza kurushwa 2014, huona kupitia mawingu kwa rada, na polaraizesheni mbili huisaidia kutofautisha pori na ardhi iliyofukuliwa. Zote zinasoma umbo na hali ya kitu. Hakuna inayotambua dhahabu.

Haya, tuseme mashine yenu ni rada kweli. Rada ya ardhini ipo, na nyingine hufungwa antena zilizokatana kwa pembe mraba. Inafichua bomba, shimo la kale, mpaka wa udongo na mwamba. Kwenye mchanga mkavu inafika mita kadhaa. Ipeleke kwenye udongo mweusi wa mbuga za Shinyanga mvua zikishanyesha, mawimbi yanamezwa hapo hapo juu. Na huko chini itafute nini? Mwamba wa Geita wenye gramu chache kwa tani ni mwamba mzuri, na chembe zake nyingi huzioni kwa macho. Wimbi la megahezi 100 likiwa udongoni lina urefu wa karibu mita moja. Litaitikiwaje na chembe ndogo kuliko unga wa sembe?

Lakini mashine yenu hata rada si. Ni antena zilizochomekwa kwenye mpini unaozunguka bila kizuizi. Kiganja kikiinama kidogo tu zinageuka, na mkono huinamia kule mwenyewe anakotarajia, bila hata kujua. Jaribio la muuzaji la kutafuta pete iliyofichwa halishindwi, kwa sababu aliyeificha ni yeye mwenyewe. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimfunga James McCormick miaka 10 kwa ulaghai huu huu. Aliiuzia Iraq vifaa vya ADE 651 kama vya kunusa mabomu, kwa maelfu ya dola kila kimoja. Asili ya vifaa hivyo ni kidude cha kutafutia mipira ya gofu kilichouzwa chini ya dola 20. Askari wa Baghdad waliviamini kwenye vizuizi, na mabomu yakapita.

"Lakini fulani alipata!" Alipata Lwamgasa, ambako watu wamepata kwa detekta, kwa ndoto na kwa kujikwaa.

Kinachofaa? Detekta ya koili kwa vipande vilivyo karibu na uso wa ardhi, mara nyingi chini ya mita moja. Mawe ya chuma ya Geita yataisumbua, vumilia. Fuata mkanda wa kwatzi, chukua sampuli, zipimwe maabara. Ramani za jiolojia ziko Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST), Dodoma. Wenye leseni ungeni fedha muombe uchorongaji wa STAMICO, shirika la madini la taifa: ni gharama, ila mwamba wenyewe unatolewa ukauona.

Akija muuzaji, jaza viroba kumi vya mchanga, mtu mwingine afiche dhahabu katika kimoja muuzaji na wote mlio naye msione, kisha aondoke. Rudieni mara kumi. Anayebahatisha atapatia kama mara moja. Akikataa viroba, msimlipe hata nauli.