Maua ya Wordsworth na Nyasi za Kasubi: Jinsi ya Kusoma Taswira

Askari wengi wanaoendelea na masomo yao kambini wamepata kukutana na lile shairi la Kiingereza juu ya maua ya manjano yaitwayo dafodili. Wapo waliolikariri utotoni, wakalijibia mtihani, kisha wakalisahau. Wachache sana walifundishwa namna ya kulisoma, na karibu wote hawakupata kuliona ua lenyewe, kwani si ua la mabonde yetu. Katika makala haya tutalichambua shairi hilo, kisha tupande kilima cha Kasubi, hapa Kampala, tuone kama elimu ya taswira ina kazi yoyote kwa mtu aliyevaa sare.

Mtunzi wake ni William Wordsworth, aliyezaliwa mwaka 1770 kaskazini ya Uingereza na kufariki mwaka 1850. Tarehe 15 Aprili 1802 yeye na dada yake, Dorothy, walikuwa wakitembea kando ya ziwa la Ullswater, wakayakuta maua hayo yametapakaa ufukoni huku upepo ukivuma. Dorothy aliyaandika waliyoyaona katika daftari lake la kumbukumbu. Wordsworth alitunga shairi lake baadaye, likachapishwa mwaka 1807. Na mwaka 1815 akalitoa tena pamoja na ubeti mpya, likawa na beti 4, kila ubeti mistari 6.

Askari mwangalifu atauliza: ikiwa walikuwa wawili, mbona ndani ya shairi mtembezi yu peke yake? Hilo ni swali jema. Taarifa ya doria hueleza yote yaliyotukia, shairi huchagua. Mtunzi alitaka tuuone kwanza upweke, ili furaha ya maua ije baadaye na kuufukuza.

Basi tuzitazame tamathali zake. Kwanza kuna tashbihi: mtembezi anafananishwa na wingu, na maua, katika ule ubeti ulioongezwa, yanafananishwa na nyota. Pili kuna tashihisi, yaani kukipa kitu kisicho mtu matendo ya mtu: maua yanatikisa vichwa na kucheza ngoma, na mawimbi nayo yanacheza lakini yanashindwa. Tatu kuna chuku, kwa kuwa hakuna jicho liwezalo kuhesabu maelfu ya maua kwa mara moja. Mwishoni mtembezi yuko nyumbani, amejilaza, na maua yaleyale yanamrudia moyoni. Kitu kimeondoka machoni, lakini taswira imebaki.

Mwanafunzi akutanapo na taswira yoyote na ajiulize maswali matatu. Ni kitu gani kimefananishwa na kitu gani? Vinalingana kwa sifa ipi? Na msikilizaji anapaswa kujua nini ili aielewe? Maswali mawili ya kwanza hujibika kwa kamusi. La tatu halijibiki hivyo, maana taswira hukamilika ndani ya kichwa cha anayeipokea. Mwingereza aliyengoja maua hayo tangu majira ya baridi hulisoma shairi hilo akiwa na shibe. Mtoto wa Kampala hupewa sahani tupu na kuambiwa ataje ladha.

Lakini mtoto huyo si maskini wa taswira. Kasubi kuna nyumba kubwa ya nyasi, Muzibu Azaala Mpanga, ndani ya uwanja ambao Kabaka Muteesa wa Kwanza aliufanya ikulu yake mwaka 1882. Alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo, na baadaye wakazikwa Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Edward Muteesa wa Pili. Juu ndani ya paa zimefungwa pete 52 za nyasi, ishara ya koo 52 za Buganda. Nyuma ya pazia la nguo ya gome la mti kuna chumba kiitwacho Kibira, yaani msitu. Huko ndiko yaliko makaburi. Na katika desturi ya Waganda haisemwi kwamba Kabaka amekufa, bali kwamba ameingia msituni. Hali kadhalika, Kabaka akifariki husemwa kwamba moto wa Buganda umezimika. Hizo ni sitiari kamili. Wordsworth alitoka nje kuyafuata maua. Waganda waliuingiza msitu ndani ya nyumba.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba hiyo iliteketea. Mtu asiye na jibu la swali la tatu angesema: nyasi zimeungua, nyasi ziko tele. Lakini waliofurika mlimani wakilia walikuwa wakiuona msitu wa wafalme wao na pete za koo zao zikigeuka majivu. Siku iliyofuata huzuni ilichanganyika na hasira, ghasia zikazuka wakati Rais alipofika mahali hapo, na raia wakapoteza maisha kwa risasi za walinzi. Hatusemi kwamba ushairi ungezuia yote hayo. Twasema tu kwamba mlinzi ajuaye kitu kinachoombolezwa huuona umati kwa jicho jingine: huwaona wafiwa kabla hajawaona maadui.

Kasubi, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, iliwekwa katika orodha ya mahali palipo hatarini baada ya moto huo. Ujenzi ukachukua miaka mingi, maana kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye, yaani mbega, na hufanywa kwa miiko yake. Mwaka 2023 Kasubi ikaondolewa katika orodha hiyo. Waezekaji waliweza kuirudisha nyumba kwa sababu walikuwa wakiibeba vichwani, kama mtembezi wa Wordsworth alivyoyabeba maua yake.

Kwa hiyo, ndugu askari, ukipangwa lindo mahali usipopajua, penye mti, jiwe au kibanda kinachoheshimiwa, muulize mzee wa hapo lile swali la tatu kabla ya zamu yako kuanza.