Washa kompyuta ya dukani ukiwa mbali

Wadau, nilikuwa Masasi kufuata mzigo, mteja akataka bei. Faili liko kwenye kompyuta dukani Mnyambe, na imezimwa. Mteja akaenda kwingine. Iliniuma!

Sasa nafanya hivi:

1. Kompyuta naiunganisha na ruta kwa waya. Naizima, lakini plagi sichomoi.
2. Kwenye BIOS naruhusu Wake on LAN. Kwenye Windows naruhusu pia kwenye kadi ya mtandao.
3. Ruta nayo lazima iweze kuiamsha kompyuta ukiwa mbali. Si zote zinaweza, uliza kabla hujanunua.
4. Ikishawaka, faili nalifungua kwa AnyDesk.

Umeme wetu mnaujua. Ukikatika, kadi inaweza isisikie tena. Kwenye BIOS tafuta AC Power Loss, weka Power On: umeme ukirudi, inajiwasha yenyewe.

Jaribu ukiwa dukani kwanza, usisubiri safari.