Kisichozunguka Ndicho Kinachobeba

Stendi ya kwanza ya kuzunguka niliyotengeneza ilikaa dukani siku nne. Siku ya tano dada muuza miwani aliyeniagiza alinipigia simu, akasema kwa upole ambao unanichoma hadi leo: "Fundi, mzigo wako umelala." Nilipofika nilikuta chuma chote kizima. Hakuna mahali palipoachia, hakuna bomba lililopinda, na beringi ilizunguka kama siku niliyoifunga. Miwani ndiyo iliyovunjika, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimehangaika siku mbili na sehemu inayozunguka, nikaipa sehemu inayosimama muda wa kunywa chai.

Tangu hapo nimewaona wanunuzi wengi wakiijaribu stendi kwa namna ileile. Mtu anaisukuma kwa kidole, anaitazama ikizunguka, anatabasamu, anatoa pesa. Lakini chuma chochote kitazunguka ukikitia beringi. Linalompasa fundi kujiuliza ni jingine: wakati vyote vinazunguka, kipi kimebaki kimesimama, nacho kimeshikwa wapi?

Sababu ya watu kuzitaka stendi hizi inaeleweka. Katika fremu za Kariakoo kuta zimeshajaa na sakafu inalipiwa kodi. Chukua stendi ya pande nne, kila upande una upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 120. Nyuso hizo nne zina karibu mita 2 za mraba za kutundikia makava ya simu, hereni au miwani, na mteja anaziona zote bila kuhama alipo. Tatizo ni kwamba mwenye duka hupima upande, na stendi huzunguka kwa kona. Mraba wa sentimita 40 unapozunguka huhitaji duara lenye kipenyo cha sentimita 57, hapo ukiwa mtupu. Ukiweka kulabu za sentimita 12, zile zilizo karibu na kona hulifikisha duara hilo kwenye 70. Nimewahi kuona stendi nzuri kabisa inayozunguka nusu ya robo, kisha inagonga kaunta. Kabla ya kukata bomba lolote, chora duara kwa chaki kwenye sakafu ya duka lenyewe, uongeze nafasi ya vidole vya anayezungusha.

Sasa tushuke chini, kwenye kitako, ambako mali ya watu huokoka au kuangamia.

Stendi haipindukii kwenye ncha ya mguu. Hupindukia kwenye mstari unaounganisha ncha za miguu miwili iliyo jirani, na umbali kutoka katikati hadi kwenye mstari huo ndio ulinzi ulio nao. Tuseme stendi na bidhaa zake ina kilo 30, na kila mguu una urefu wa sentimita 30 kutoka katikati. Ikiwa na miguu mitatu, mstari uko sentimita 15 tu kutoka katikati, na nguvu ya kilo 4.5 ikiivuta kwenye kimo cha mita moja inatosha kuilaza. Miguu minne inasogeza mstari hadi sentimita 21, na nguvu inayohitajika inapanda hadi kilo 6 na kitu. Miguu mitano inakupa sentimita 24 na kilo 7. Ndiyo maana viti vya ofisini vinavyozunguka vina miguu mitano. Kitako cha duara kamili kinakupa sentimita 30 zote, na hapo itabidi uivute kwa kilo 9.

Stendi yangu ya miwani ilikuwa na miguu mitatu. Niliichagua kwa sababu miguu mitatu haichezi hata sakafu ikiwa na mabonde, jambo ambalo ni kweli na ndilo lililonidanganya. Kutocheza na kutopinduka ni mambo mawili. Mtoto anayening'inia kwenye kulabu huku mama yake akijadili bei hana shida kuvuta kilo 4.5.

Kitako cha duara nacho kina mtego wake. Sahani ya chuma ikikaa kwenye vigae visivyo sawa hutikisika, kwa hiyo fundi huifungia vipande vinne vya mpira chini. Mara tu anapofanya hivyo, hana duara tena. Ana stendi ya miguu minne iliyovaa sahani. Vipande hivyo viwekwe ukingoni kabisa, viwe vitano au sita, na kila kimoja kiwe juu ya bolti inayoweza kupandishwa na kushushwa kwa spana.

Baada ya upana ni uzito, na uzito uwe chini. Kuna watu huongeza uzito kwa kutumia bomba nene la kusimama, na hiyo ni kupoteza pesa mahali pabaya. Zege ni rahisi zaidi. Duara la zege lenye kipenyo cha sentimita 60 na unene wa sentimita 4 lina uzito wa kilo 27 hivi. Mlingoti na bidhaa, tuseme kilo 26, kitovu chake cha uzito kiko kama sentimita 90 kutoka sakafuni. Kwa kitako chepesi cha kilo 4, kitovu cha stendi nzima kinakaa sentimita 78. Kwa kitako cha zege kinashuka hadi 45, na ile nguvu ya kilo 9 inayohitajika kuilaza inakuwa karibu kilo 16. Asiyetaka kumwaga zege atafute rimu ya gari chakavu: ni duara tayari, ni nzito tayari, na tundu la katikati liko mahali pake. Kipenyo chake tu ndicho kidogo, hivyo izungushiwe pete ya bomba nje.

Wafanyabiashara wengi hutoa stendi barazani asubuhi na kuirudisha ndani jioni, na hapo ndipo ombi la magurudumu linapoingia. Mimi husita. Gurudumu linalogeuka hujikunja kuelekea ndani na kupunguza ule umbali tuliouhangaikia, na mteja akizungusha bidhaa, stendi nzima inaanza safari. Ninachokubali ni magurudumu mawili upande mmoja, yasiyogusa sakafu stendi ikiwa wima. Unaiinamisha kama anavyofanya anayesukuma mtungi mkubwa wa gesi, unatembea nayo, unaisimamisha.

Tupande sasa kwenye mhimili. Stendi yangu ile ilizunguka juu ya kisahani cha gololi, cha aina inayowekwa chini ya sinia la kuzungushwa mezani. Kwa sinia ni kifaa kizuri, maana mzigo ni mpana na uko karibu. Kwa nguzo ya mita moja na nusu ni balaa. Stendi haiuzi pande zote sawasawa. Upande wenye rangi zinazopendwa huisha, upande mwingine unabaki umejaa. Zikibaki kilo 8 upande mmoja, sentimita 25 kutoka katikati, mlingoti unataka kuinama muda wote. Kama mihimili miwili inayoushika imeachana sentimita 10, kila mmoja unasukumwa pembeni kwa nguvu ya kilo 20. Ikiachana sentimita 80, kila mmoja unapata kilo 2.5 tu. Na ulegevu nao hufuata hesabu hiyo: nusu milimita ya uwazi kwenye mihimili iliyoachana sentimita 10 huonekana kama milimita 7.5 kwenye kilele kilicho mita moja na nusu juu. Kwa sentimita 80 haifiki milimita 1. Beringi ni zilezile, kilichobadilika ni umbali.

Waliotengeneza milango ya zamani ya Mji Mkongwe na Lamu walilijua hili bila kalamu. Milango ile mizito haikuning'inizwa kwa bawaba. Kila ubawa ulikuwa na ncha juu na ncha chini, zikizunguka kwenye matundu ya fremu, na umbali kati ya ncha hizo ulikuwa kimo kizima cha mlango.

Muundo ninaoupendekeza unafuata mawazo hayo. Mlingoti wa bomba unasimama imara kwenye kitako na hauzunguki. Unapanda hadi karibu na kilele. Juu yake unavishwa bomba la pili, pana zaidi, kama jambia linavyovishwa ala, na bomba hilo la nje ndilo lenye kulabu na bidhaa. Uzito wote unaning'inia kutoka juu, na chini kuna bushi tu ya kuzuia bomba la nje lisiyumbe. Bushi hiyo si lazima iwe ya chuma; nailoni inafaa, na nimeona mafundi wakiikata kwenye ubao wa plastiki wa kukatia nyama, ikadumu. Weka pia pete au bolti ya kuzuia bomba la nje lisinyanyuke, la sivyo kuna siku kijana mwenye nguvu ataichomoa stendi kama kofia.

Kwa stendi nyepesi, juu inatosha gololi moja kubwa ya chuma iliyokaa kwenye kishimo. Huzunguka kwa wepesi wa ajabu, kwa kuwa msuguano wote uko kwenye nukta moja. Kwa mzigo mkubwa tumia beringi. Ile inayouzwa kila duka la vipuri, 6204, ina tundu la milimita 20, kipenyo cha nje 47 na unene 14. Tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, ukizizidisha kwa 5 unapata tundu kwa milimita, na hesabu hiyo itakuokoa siku muuzaji anapokuambia "hii ni ileile tu." Chagua yenye herufi 2RS, yaani imefunikwa kwa mpira pande zote mbili, kwa sababu vumbi la barabarani na upepo wa chumvi wa pwani humaliza beringi iliyo wazi. Kuhusu nguvu usijali: ina uwezo wa kubeba zaidi ya kilo 600, nawe unaitundikia chini ya 30. Kwa hiyo usinunue kubwa zaidi kwa kudhani ndiyo uimara. Pesa hiyo ipeleke kwa fundi wa kukereza vyuma akutengenezee kikombe cha kuikalisha beringi sawasawa, maana tundu la bomba la dukani ni nadra kulingana nayo.

Mlingoti wenyewe usiwe mwembamba. Bomba la inchi 2 hugoma kupinda mara 8 hadi 9 zaidi ya bomba la inchi 1 lenye unene uleule wa ukuta, na uzito wake ni maradufu tu. Sijui biashara nyingine karakanani inayokupa faida kama hiyo.

Kuchomelea kuje kabla ya beringi. Joto huharibu mipira ya beringi na kuyeyusha grisi, na kikombe kilichochomelewa upande mmoja mfululizo huwa yai. Shika kwa nukta, pande zinazotazamana, uache ipoe. Ikilazimu kuchomelea stendi iliyokwisha kufungwa, waya wa ethi uubane kwenye kipande kilekile unachokichoma. Ukiubana kwenye kitako huku unachoma juu, umeme utapita kwenye gololi za beringi na kuziachia vidonda vidogo, na wiki moja baadaye stendi itaanza kulia.

Kuna jambo ambalo wanunuzi hawalipendi: stendi isizunguke sana. Inayozunguka muda mrefu hutupa hereni. Kitu kilichotundikwa mara mbili mbali zaidi na katikati kina ukaidi mara nne, ni kigumu kuanzisha na ni kigumu kusimamisha. Bushi ya chini ibane kidogo, grisi iwe nzito, ili msukumo wa kidole uipeleke mzunguko mmoja hivi, itulie. Ncha za kulabu ziinuke kidogo ili bidhaa zisiteleze, na mwisho wake upindwe kuwa kitanzi. Kulabu za katikati ya stendi ziko kwenye kimo cha macho ya mtoto. Vitu vizito viwe chini. Hilo kila mtu analijua, na kila duka ninaloingia limeweka chaja juu na vibanio vya nywele chini.

Kabla ya rangi naijaribu karakanani. Naijaza bidhaa upande mmoja tu, upande mwingine mtupu. Naingiza kipande cha mbao cha sentimita 10 chini ya ukingo wa kitako, ambacho kwa kitako cha sentimita 60 huilaza nyuzi 10 hivi. Kisha nauzungusha upande mzito uelekee chini ya mteremko, naachia mkono. Stendi ile ya miguu mitatu ingelala palepale.

Dada wa miwani alikuja mwenyewe kutazama jaribio la stendi yake ya pili. Hakuisukuma kwa kidole. Aliweka mkoba chini, akaishika juu kwa mikono miwili, akaivuta kwake.