Mlango wa Kabati si Pambo Tu

Imezuka desturi katika mitaa yetu ya Eastlands, tangu Buruburu na Umoja hadi Donholm na Kayole, ya kung'oa makabati ya zamani ya jikoni na kutia mapya. Sina ugomvi na urembo, wala simwonei gere aliyejitahidi akatengeneza nyumba yake. Ugomvi wangu ni na namna milango ya makabati hayo inavyochaguliwa. Mwenye nyumba humwonyesha fundi picha katika simu, picha ya jiko la ng'ambo ambamo hapajawahi kukaangwa omena, naye fundi hukubali, kwani ana watoto wa kulisha.

Aghalabu picha hiyo huwa ya mlango bapa, mweupe, uliofunikwa kwa plastiki ing'aayo. Ndani yake mna MDF, yaani nyuzi za mbao zilizoshikanishwa kwa gundi, joto na mgandamizo. Si ubao mbaya huo. Hauna fundo, haupindi upesi, na rangi hutulia juu yake. Adui yake ni maji. Kingo zikiachwa bila kuzibwa, hunywa maji na kufura kama andazi, na kilichofura hakirudi.

Basi tujiulize jikoni mwetu mna nini. Maji ya mfereji huja kwa zamu, na kwa hiyo sakafu hujaa mitungi na ndoo. Kila anayechota humwaga kidogo, na kidogo hicho huishia chini ya mlango wa kabati la sinki. Hapo ndipo uharibifu huanzia.

Wazee wetu maseremala walitumia mlango wa fremu na paneli, nao walijua walifanyalo. Paneli haikugandishwa kwa gundi. Iliachwa icheze ndani ya mfuo wa fremu, ili mbao zikitanuka wakati wa masika zisipasuke. Kasoro yake ni kwamba mafuta na vumbi hukaa katika pembe zake, na mende hupapenda. Bei nayo si ya kila mtu. Marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma, iliyowekwa Februari 2018, ilizidi kuzipandisha bei za mbao, na ijapokuwa mwaka 2023 serikali ilitangaza kuiondoa, mnunuzi wa Gikomba hajaacha kulalamika. Kwa maoni yangu, mbao zatosha kwa milango ya chini, na MDF iwekwe juu, mbali na ndoo.

Lakini liko jambo zito kuliko kufura. Wengi wetu tumeacha mafuta ya taa tukashika gesi, na katika nyumba za ghorofa mtungi huo hufichwa kabatini ili usiharibu sura ya jiko. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi dirishani, bali hutuama chini. Mlango bapa uliobana sawasawa, ule ule unaosifiwa kwa kubana, huifungia ndani ikangoja cheche. Msiba wa Embakasi wa usiku wa Februari 1, 2024 ulitokana na lori la gesi, si kabati. Hata hivyo uliwaonyesha wakazi wa upande huu wa jiji nguvu ya kitu hicho. Mahali pa mtungi ni nje, penye hewa. Asiye na nafasi hiyo na adai mlango wa vibao vya mshazari, au angalau matundu mapana karibu na sakafu, hata kama fundi atanuna kwamba kazi yake imetobolewa.

Ajabu ni kwamba apikaye ndiye huulizwa mwisho, pengine asiulizwe kabisa. Huyo ndiye ajuaye mlango upi hugonga goti na upi hufungukia mahali pa ndoo.

Na kabla ya kutoa arubuni, mwombe fundi kipande cha ubao atakaoutumia, kilichokwisha kuzibwa kingo. Kitumbukize katika ndoo ya maji usiku kucha, kisha asubuhi ukipime unene wake kwa rula.